Kalamu na Msiba: Taarifa ya Samuel Wilkeson Kutoka Gettysburg, 1863

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii huzua swali gumu inapohusishwa na kazi ya mwanahabari: je, mzazi aliyefiwa na mwanawe vitani anaweza kuaminiwa kulisimulia pigano lilelile lililomuua? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea taarifa ya Samuel Wilkeson, mwandishi wa gazeti la New York Times, iliyochapishwa tarehe 6 Julai 1863 wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Hoja kuu ni kwamba msiba haukuiharibu taarifa hiyo. Wilkeson aliuweka uchungu wake mahali ambapo msomaji angeuona waziwazi, na hivyo akamwezesha kuutofautisha na ushahidi.

Usuli wa Uandishi wa Vita Hivyo

Vita hivyo vilizuka baada ya majimbo ya Kusini kujitenga ili kuulinda utumwa. Magazeti ya Kaskazini yaliwatuma waandishi wao wafuatane na majeshi, nayo telegrafu ikawawezesha wasomaji wa mijini kupata habari kwa kasi isiyojulikana awali. Hata hivyo, kasi hiyo ilikuwa na gharama. Uvumi ulichapishwa kama ukweli, na taarifa nyingi hazikuwa na jina la mwandishi. Mwezi wa Aprili 1863, Jenerali Joseph Hooker aliamuru kwamba waandishi waliofuatana na jeshi lake watie majina yao kwenye taarifa zao. Tangu hapo, aliyeandika alitakiwa kuwajibikia alichokiandika. Wilkeson aliandika katika mazingira hayo ya uwajibikaji.

Mkasa Wenyewe

Tarehe 1 Julai 1863, siku ya kwanza ya pigano la Gettysburg katika jimbo la Pennsylvania, Luteni Bayard Wilkeson, kijana wa miaka 19 na kifungua mimba wa mwandishi huyo, aliongoza kikosi cha mizinga juu ya kilima kidogo kaskazini mwa mji. Kombora lilimvunja mguu. Inasimuliwa kwamba aliumalizia kuukata mwenyewe kwa kisu chake cha mfukoni. Alipelekwa katika jumba la kuwatunzia maskini lililokuwa karibu, na huko akafariki.

Jeshi la Kaskazini lilikuwa limekwisha kurudi nyuma kupitia mjini, na jumba hilo likabaki mikononi mwa adui. Baba alipowasili, alisikia kwamba mwanawe amejeruhiwa, lakini hakuweza kumfikia. Ilimbidi aendelee kuyatazama mapigano hayo na kuyanakili, huku hajui kama mwanawe yu hai. Majeshi ya Kusini yalipoondoka mjini tarehe 4 Julai, alichokipata ni maiti. Usiku wa siku hiyo akaandika taarifa yake.

Muundo wa Taarifa

Taarifa hiyo inaweza kugawanywa katika sehemu tatu. Ya kwanza ni swali la balagha: anauliza ni nani awezaye kuandika historia ya pigano ilhali macho yake yamenata kwenye maiti ya mwanawe wa kwanza. Swali hili ni ungamo. Kabla ya kumtaka msomaji amwamini, mwandishi anamwonyesha sababu ya kumtilia shaka.

Sehemu ya pili, ambayo ndiyo ndefu zaidi, ni ya ushahidi. Hapa maombolezo yananyamaza. Wilkeson anaeleza adhuhuri ya tarehe 3 Julai katika makao ya Jenerali George Meade, nyumba ndogo ya futi 16 kwa 20. Ndege anaimba kwenye mti wa mpichi uani, kisha makombora yanaanza kunyesha. Farasi waliofungwa pale wanauawa. Gari la majeruhi linapita mbio likivutwa na farasi anayekimbia kwa miguu mitatu, wa nne ukiwa umekatwa na kombora. Taswira hizi hazina sifa za kishujaa. Ni mambo aliyoyaona mtu aliyekuwepo.

Sehemu ya tatu inarejea kwenye kaburi. Kwa kutumia ritifaa, mwandishi anawahutubia wafu wa Gettysburg moja kwa moja na kuwaambia kwamba damu yao imeuzaa uhuru wa Marekani mara ya pili. Anajieleza akiinuka kutoka kwenye kaburi ambalo udongo wake mbichi ameubusu, na kumwona Kristo akiwafungulia wafu hao malango ya Peponi. Huu ni mtindo wa mbolezi hasa.

Mipaka ya Ushahidi

Hata hivyo, ungamo halimwondolei mtu upendeleo. Katika swali lake la mwanzo Wilkeson analalamika kwamba kikosi hicho kilipelekwa mahali kisipostahili kupelekwa, na kwamba matabibu waliogopa kubaki katika jumba alimofia mwanawe. Uamuzi wa kukikalia kilima hicho ungali unajadiliwa na wanahistoria, naye Jenerali Francis Barlow aliyeufanya alijeruhiwa papo hapo na kutekwa. Lawama hizo basi zisomwe kama kauli ya mfiwa, si kama hukumu.

Hali kadhalika, tamati yake inakipa kifo maana ambayo baba aliihitaji. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Novemba 1863, Rais Abraham Lincoln alihutubia hapohapo Gettysburg na kuzungumzia uhuru kuzaliwa upya. Kufanana kwa mawazo hayo hakuthibitishi kwamba Lincoln aliazima. Kunaonyesha tu kwamba taifa zima lilikuwa likitafuta maana ya makaburi yake, kama alivyoitafuta mzazi huyu mmoja. Katika siku hizo tatu, waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea pande zote mbili walikadiriwa kuwa takriban 51,000.

Hitimisho

Taarifa ya Wilkeson inawafunza wanafunzi wa lugha kwamba habari na mbolezi zinaweza kukaa katika matini moja bila kudanganyana, mradi msomaji aonyeshwe mpaka kati yake. Mwandishi anayejidai hana uchungu huweza kupotosha zaidi ya yule anayeukiri. Wilkeson alianza kwa kuuliza ni nani awezaye kuandika akiwa katika hali kama yake. Hakulijibu swali hilo kwa maneno, bali aliendelea kuandika.