Jicho Moja, Magonjwa Mawili, Operesheni Moja

Mwezi huu tunaongea habari ya macho ya wazee wetu. Hapa Oraba mpakani, na hata kule Koboko na Arua, mzee asiyeona hushikwa mkono na mjukuu. Mtoto ndiye fimbo yake: kwenda msalani, kwenda bombani, kupanga foleni ya posho. Siku mzee ana safari, mtoto haendi shule. Kwa hiyo jicho la mzee ni shida ya nyumba nzima.

Magonjwa mawili yanaleta sana shida hii: mtoto wa jicho na presha ya jicho, ambayo madaktari wanaiita glakoma. Mara nyingine yote mawili yanakaa katika jicho moja. Hapo daktari anaweza kuyafanyia operesheni ya pamoja, siku moja.

Yanatofautianaje?

Mtoto wa jicho ni ukungu. Ndani ya jicho kuna lenzi, inatakiwa iwe safi kama kioo. Umri ukienda inachafuka, na mwishowe mboni inaonekana nyeupe. Hakuna matone wala mitishamba ya kuuondoa ukungu huo. Daktari anatoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine ya plastiki. Wa kwanza kuweka lenzi ya namna hiyo alikuwa daktari Harold Ridley, mjini London, mwaka 1949.

Presha ya jicho ni kitu kingine, na siyo presha ya damu. Jicho hutengeneza maji ndani yake kila siku, nayo hutoka kwa njia ndogo sana. Njia ikipitisha maji polepole, presha hupanda na kuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa wengi haiumi. Mtu anaanza kupoteza kuona kwa pembeni: anagonga mlango, anajikwaa kwenye jiwe. Watu husemaga, “Ni uzee tu.” Kumbe siyo uzee.

Kwa nini pamoja?

Matone ya presha ya jicho hutumiwa kila siku, maisha yote. Sisi tuliotembea njia ya ukimbizi tunajua dawa huishaga kabla ya safari kuisha. Tena barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba ni kilomita 92. Kuna lami, lakini nauli ni nauli. Operesheni ya pamoja inapunguza kulazwa mara mbili. Jicho linatiwa ganzi, lenzi inabadilishwa, kisha daktari anafungua kidirisha kidogo chini ya kope la juu ili maji yapate pa kutokea. Siyo kila mgonjwa anaihitaji. Wengine wanatosha kwa operesheni ya mtoto wa jicho na matone. Daktari akishapima ndiye ataamua.

Ahadi mbili

Hapa ndipo familia nyingi zinakwama. Operesheni ni moja, ahadi ni mbili. Kwa mtoto wa jicho, ahadi ni kuondoa ukungu. Kwa presha, ahadi ni kulinda nuru iliyobaki tu. Iliyokwisha potea hairudi. Mzee asipoambiwa mapema, atasema daktari ameharibu jicho, na wazee wenzake wataogopa kwenda. Basi mwambieni kwa heshima: “Babu, ukungu utaondoka. Lakini kile presha imeshakula hakirudi. Tunakwenda kulinda kilichobaki.”

Baada ya operesheni

• Mzee atarudi kupimwa mara kwa mara wiki za kwanza. Kidirisha kinaweza kuziba kwa kovu, au kupitisha maji kupita kiasi. Pangeni mapema: nani atamsindikiza, na nauli itatoka wapi.
• Asisugue jicho, asiinue mzigo mzito, asitie dawa ya kienyeji.
• Jicho likiuma, likiwa jekundu, likitoa usaha au likipunguza kuona, rudini siku ileile. Hata miaka ikipita, kwa sababu vijidudu vinaweza kuingia kwa njia ya kidirisha.

Angalia matone ya dukani

Matone mengine ya macho yanayowasha yana steroidi, kama deksamethasoni. Ukiyatumia muda mrefu bila daktari, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, hata kwa watoto. Usinunue kwa kuona jirani amepona.

Nani apimwe?

Kila mwenye miaka 40 na zaidi, na hasa ndugu wa damu na watoto wa mwenye presha ya jicho, maana ugonjwa huu unatembea katika ukoo. Anzeni kwenye kituo cha afya, muulize njia ya kufika Hospitali ya Koboko au ya Rufaa ya Arua. Ulizeni pia daktari wa upasuaji wa macho anapatikana lini, msije mkapoteza nauli. Uganda iliondoa ada ya matibabu katika hospitali za serikali mwaka 2001, isipokuwa vyumba vya kulipia.

Leo jioni, mwambieni mzee afunike jicho moja, kisha la pili, aseme anaona nini. Likionekana moja ni dhaifu, msingoje. Hata yakiona yote mawili, bado akapimwe presha, kwa sababu ugonjwa huo huanzia pembeni, kimya kimya.