Njia Mbili za Mshairi Frost



Wengi kati yetu tumesikia juu ya shairi la Robert Frost wa Marekani linaloitwa The Road Not Taken. Mtu mmoja anafika mu pori pahali njia inagawanyika. Anachagua moja, anaendelea. Mara nyingi siku ya kutoa diploma watu wanalitaja na kusema: fuata njia ambayo wengine hawafuati, utafaulu. Tunataka kuonyesha kama Frost hakusema hivyo, na neno lake linawafaa sana wadogo wetu wanaotaka kuchagua seksio.

Soma shairi polepole. Mshairi mwenyewe anakubali kwamba njia zote mbili zilikanyagwa karibu sawasawa. Ni kisha, mu uzee, msafiri atawaambia watu kama kuchagua kwake njo kulibadilisha maisha yote. Frost anatucheka kidogo: tunachagua bila kujua ya mbele, halafu tunatafuta sababu nzuri nyuma.

Shairi lilitoka wapi? Mwaka 1914 Frost alikuwa Uingereza, akitembea mashambani na rafiki yake Edward Thomas. Huyu alikuwa na tabia ya kusikitika: wakiisha kupita njia moja, anasema afazali wangepita ile ingine. Frost aliandika shairi kwa kumutania, akamutumia mu 1915. Thomas hakucheka, aliona ni neno zito. Mwaka uleule aliingia jeshi, na tarehe 9 Aprili 1917 aliuawa kule Arras, Ufaransa. Hatuseme shairi njo lilimupeleka vitani. Lakini tunaona kama kuchagua si mchezo, hata pahali maneno ni ya kuchekesha.

Na Frost mwenyewe? Alizaliwa mu 1874. Toka 1900 alikaa mu shamba ambalo babu yake alinunua kule Derry, New Hampshire. Alifuga kuku, kisha akafundisha masomo, na usiku akaandika mashairi. Mwaka 1912 alihamia Uingereza na bibi yake na watoto 4. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mu 1913, naye ana miaka 39! Baadaye alipata zawadi ya Pulitzer mara 4. Tarehe 20 Januari 1961, Kennedy alipoapishwa kuwa Rais, Frost wa miaka 86 alisimama kusoma shairi jipya. Mwangaza wa jua ukamuzuia kuona karatasi. Hakuketi: alisema shairi lingine la zamani kwa kichwa. Kazi aliyoifanya zamani ilikuwa ndani yake.

Basi, mdogo wetu, usichague seksio juu rafiki yako anaenda kule, ao juu watu wengi wanaiogopa. Uliza walimu, angalia kazi gani unaweza kuifanya kila siku bila kuchoka upesi. Sayansi, pedagojia, biashara: kila moja iko na mzigo wake. Ukiisha kuchagua, tumika. Bwana Yesu alituonya juu ya mwenye kulima anayeangalia nyuma (Luka 9:62).

Mwenye kuwa na ulizo juu ya seksio atuone sisi wa kalasi ya mwisho saa ya mapumziko. Tutamueleza mazuri na magumu pia.