Bibi alipotaka kujidunga mara ya pili

Saa moja asubuhi Bibi alijidunga insulini, kama alivyofanya miaka yote. Saa moja na nusu tukamkuta tena ameshika sindano. "Sijachoma bado," akasema, na hakuwa anadanganya. Siku hiyo tulimwahi. Ndipo nikaelewa jambo ambalo darasani tulilipita haraka: matibabu ya kisukari yanategemea kumbukumbu ya mgonjwa mwenyewe. Apime, akumbuke dozi, ale kwa wakati. Akianza kusahau, dawa ileile iliyokuwa inamlinda inakuwa hatari.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati, na chakula chake kikuu ni glukosi. Akiba hauna, labda kidogo sana. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, tunasema imeshuka. Ikienda chini ya 3.0, ubongo wenyewe unayumba: mtu anachanganyikiwa, anakuwa mkali, anaongea visivyoeleweka. Kijana akiwa hivyo utashtuka. Mzee anayesahau akiwa hivyo, nyumba nzima itasema "ndiyo hali yake hiyo". Na hapo tunaweza kumpoteza hivihivi.

Kwa hiyo mzee mwenye kisukari akibadilika ghafla, pima sukari kwanza. Kama imeshuka na anameza vizuri, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Ni kweli pia kwamba sukari iliyopanda kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu ya ubongo, na kisukari cha aina ya pili huongeza uwezekano wa demensia, yaani ugonjwa wa kusahau. Basi si tuibane sukari zaidi? Hata mimi niliwaza hivyo. Utafiti wa ACCORD, uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu zaidi ya 10,000, ulijaribu. Mwaka 2008 sehemu ya kuishusha sukari kwa nguvu ikasimamishwa kwa sababu vifo vilizidi, na baadaye ikaonekana kumbukumbu zao hazikuwa bora kuliko za wenzao.

Ndiyo maana kwa mzee mwenye demensia madaktari wengi siku hizi hulegeza kamba: kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kikiwa chini ya asilimia 8 kinatosha, badala ya kung'ang'ania 7. Ulizieni na aina ya vidonge. Glibenclamide, ambayo bado ipo kwenye mifuko ya dawa ya wazee wengi, WHO inasema haifai kwa waliozidi miaka 60. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Bibi alipunguziwa dozi, akabaki na sindano moja kwa siku, anachomwa na Mama baada ya kumwona amekula. Kalamu ya insulini imefichwa, na kila asubuhi Bibi anauliza ni nani kaiba.