Lenzi Moja, Sebule Moja, Sisi Wawili

Wengi wetu tukienda kununua kamera tunauliza megapikseli ngapi, tunalipa, tunaondoka. Leica M8 haikupi nafasi hiyo. Unapata mwili mtupu wenye kifuniko cha plastiki mahali pa lenzi, mengine shauri yako. Ya kwetu ilifika Ukonga kutoka Muscat, ndani ya begi la binamu wa mume wangu aliyekuwa amehamia kamera mpya zaidi. Eti zawadi ya harusi iliyochelewa! Zawadi yenyewe haitoi hata picha moja mpaka mtoe hela.

Hela ilikuwepo, ila ilikuwa na kazi yake: simtanki la lita 2,000 kwa nyumba tunayojenga Chanika. Na sababu ya kutaka kuigusa ilikuwepo pia. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye hapa Ukonga Mombasa (Mombasa yetu ya njia ya Gongo la Mboto, si ile ya Kenya), ameanza kusahau. Siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Tulitaka picha zake nzuri wakati bado anajua nani anampiga.

Kwanza uelewe aina ya kamera. Hii huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kwenye kidirisha cha pembeni, na katikati yake kuna kipande kinachoonyesha kitu kimoja mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili zikutane ziwe moja, hapo fokasi imekaa. Epson ndio waliotangulia kutoa ya dijitali ya mtindo huu, R-D1, mwaka 2004. M8 ikafuata mwaka 2006. Uzuri wake ni kwamba lenzi nyingi za Leica M tangu mwaka 1954 zinaingia, pamoja na za Zeiss na za Voigtländer, jina la zamani ambalo tangu mwaka 1999 linatumiwa na kampuni ya Cosina ya Japani kwa bei ya kibinadamu. Ndani ya kidirisha kuna mistari myeupe inayoonyesha picha itaishia wapi, na M8 ina mistari ya lenzi za milimita 24, 28, 35, 50, 75 na 90. Ukinunua lenzi isiyo na mistari yake, unapiga kwa kubahatisha.

Sasa ugomvi. Mume wangu alitaka 50. Shujaa wake ni Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa Leica na lenzi ya 50, na ambaye picha iliyomsukuma kushika kamera ilikuwa ya Martin Munkácsi, ile inayojulikana kama wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika. "Mke wangu, huyu mtu kaanzia kwetu, sisi tunabisha nini?" Kwake picha ya mama ni uso: makunyanzi, macho, basi. Mimi nilitaka sebule nzima iwemo, kwa sababu kwangu mama bila sebule yake ni picha ya pasipoti.

Tulibishana siku tatu kuhusu namba ambazo kumbe kwenye M8 hazina maana ileile. Kihisi chake ni milimita 27 kwa 18, kidogo kuliko fremu ya filamu ya 36 kwa 24, kwa hiyo kila lenzi inabana mara 1.33. Ile 50 ya Mfaransa, ukiifunga kwenye M8, inaona kama 67. Anayetaka jicho la 50 anatakiwa anunue 35, na anayetaka 35 anunue 28. Kwa M9 ya mwaka 2009 hesabu hii haipo, maana kihisi chake ni kikubwa kama filamu.

Kwa nini tununue gizani? Nikachukua boksi la viatu, nikakata dirisha la sentimita 13.5 kwa 9, yaani kihisi cha M8 mara tano. Ukilishika sentimita 14 kutoka kwenye jicho moja, unaona kinachoonwa na lenzi ya 28. Sentimita 17.5 ni lenzi ya 35, na sentimita 25 ni 50. Ni bure, na inafanya kazi! Sebule yetu, ukitoa makochi na kabati, haikupi zaidi ya mita mbili za kurudi nyuma. Futi kamba ilithibitisha: kwa mita mbili, 50 inachukua upana wa mita 1.1 hivi, 35 mita 1.5, na 28 mita 1.9.

Mama alikuwa akitutazama na boksi letu usoni, akacheka kwanza. Kisha akauliza inaonyesha nini, mume wangu akampa, ameliweka mahali pa 50. Akaangalia kiti chake kitupu. "Mbona cherehani haimo?"

Ile cherehani ya miguu ndiyo iliyosomesha watoto wanne kwa kushona sare za shule. Jina langu linampotea, cherehani haijampotea. Mume wangu alinyamaza, akasogeza boksi karibu na jicho la mama mpaka ikaingia. Ilikuwa 28.

Likabaki suala la mwanga. Sebule za kwetu mapazia hayafunguliwi kwa sababu ya vumbi na jua, na M8 ukiipandisha ISO juu ya 640 picha inaanza kuwa na chenga. Ndiyo maana hatukushuka chini ya f/2: inaingiza mwanga mara mbili ya f/2.8 na mara nne ya f/4. Tukapata Voigtländer ya 28 f/2 iliyotumika, London, ikaja mkononi na mtu.

Ukinunua iliyotumika, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi uchungulie upande wa pili. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, iache. Unyevu wa Dar utaulisha. Ya kwetu inalala kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na zile pakiti ndogo zinazokuja na viatu vipya.

Na chujio, tafadhali! M8 inaona miale ya joto ambayo sisi hatuioni, hivyo kitambaa cheusi cha polista hutoka zambarau. Suti za harusini, baibui, vyote. Unahitaji chujio la kuzuia miale hiyo, la saizi ya lenzi yako. La kwetu lilichelewa wiki mbili, na kwenye picha za kwanza mama amekaa na baibui la zambarau kama zabibu.

Anazipenda hizo kuliko zote. Anatembeza simu kwa wageni akisema lile baibui alilishona mwenyewe. Simtanki bado liko dukani, na mume wangu ameanza kuulizia bei za 50.