Aliyeanguka Akainuka

Katika steji za bodaboda za Lurambi, Kakamega, aliyevunjika mguu huchangiwa pesa na kutembelewa hospitalini. Aliyegonga kichwa, akainuka na kujipangusa vumbi, huambiwa Mungu amemwokoa, na jioni hiyohiyo anabeba abiria. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi.

Miezi inapita, ndipo mke au mama anapoanza kulalamika: amekuwa mwepesi wa hasira, anasahau alikoweka pesa za siku, kelele kidogo zinamuumiza kichwa. Majirani watasema ni pombe. Wengine watasema amerogwa.

Ubongo ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga lami, fuvu husimama papo hapo, ubongo ukaendelea kusogea na kujipinda. Nyuzi zinazounganisha sehemu zake huvutika, nyingine hukatika. Ni nyembamba mno, ndiyo maana picha ya CT inaweza kutoka safi na mtu akawa bado mgonjwa. Mara nyingi huumia sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotuwezesha kujizuia na kupima maneno kabla ya kuyasema. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Nayo ikidhurika, huja uchovu usioisha, hedhi kuvurugika, hamu ya ndoa kupotea. Kifafa kinaweza kuanza hata miaka kadhaa baadaye. Mwaka 2020, jopo la jarida la Lancet lilitaja majeraha ya kichwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Raga ina kanuni ninayotamani ifike barabarani. Pale uwanja wa maonyesho wa Kakamega, nyumbani kwa timu ya Kabras, mchezaji mwenye dalili za wazi za mtikisiko wa ubongo hutolewa na harudi siku hiyo, kwa kuwa pigo la pili kabla ya la kwanza kupona hudhuru zaidi. Mwendesha boda naye apumzike, hata kama itabidi steji imchangie pesa ya unga.

Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti saa hiyohiyo. Kinga ni helmeti: Sheria ya Trafiki inawataka mwendesha boda na abiria wake waivae. Nayo ifungwe kidevuni. Iliyoning'inizwa kwenye usukani haikingi kitu.

Mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni kwamba amebadilika. Kwa hiyo siku ya kliniki, anayeishi naye aingie pamoja naye kwa daktari na aeleze yote, pamoja na yale ya aibu.