Dola 1,000 za saa ya kifahari: hasara ya kwanza iko mlangoni mwa duka

MFANYABIASHARA aliyefunga hesabu za mwaka akabaki na dola 1,000 ambazo si za mzigo, si za pango wala si za ada ya watoto, ana haki ya kujinunulia saa ya mkono ya kifahari. Tatizo huanza pale anapojiambia kwamba anawekeza. Kauli kwamba saa ya Uswisi "haishuki bei" imezagaa madukani na vijiweni, na ndiyo inayowafanya watu wenye mtaji mdogo watoe fedha ambazo wasingezitoa kama wangeelezwa kuwa wananunua pambo.

Hali halisi ya soko ni tofauti. Saa mpya ya kiwango hicho mara nyingi hupoteza theluthi moja ya bei yake, au zaidi, mara tu mnunuzi anapotoka nayo dukani. Haijapata mkwaruzo wala haijapoteza hata sekunde. Kilichopotea ni faida ya mwenye duka, kodi na gharama za matangazo, mambo ambayo mnunuzi wa pili hakubali kuyalipia. Anayejua bei ya gari jipya na bei ya gari hilo hilo likishafungwa namba za usajili hahitaji maelezo marefu hapa.

Kauli ya kutoshuka bei ina asili yake, nayo si ya uongo mtupu. Zipo aina chache, hasa baadhi ya saa za chuma za Rolex, Patek Philippe na Audemars Piguet, ambazo kwa miaka kadhaa zimeuzwa mkononi kwa bei inayozidi ile ya dukani. Sababu ni kwamba wenye viwanda hupeleka madukani saa chache kuliko wanaozitaka, na wateja huandikishwa kwenye orodha ya kusubiri. Lakini Rolex mpya ya bei ya chini kabisa inazidi dola 5,000, na wachambuzi wanakadiria kuwa kampuni hiyo hutengeneza zaidi ya saa milioni moja kwa mwaka. Huo si uchache wa madini ya tanzanite. Ni uchache unaosimamiwa na muuzaji mwenyewe, na mwenye dola 1,000 hayumo katika biashara hiyo hata kidogo. Anachofanya ni kuchukua sifa za saa ya dola 10,000 na kuzivika saa ya dola 900.

Kilele cha 2022

Hata wenye fedha nyingi waliumia. Kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2022, watu waliofungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, wakiwa na fedha zisizo na pa kwenda na faida za sarafu za mtandaoni, walizikimbilia saa kama walivyokimbilia hisa. Patek Philippe Nautilus namba 5711, ambayo bei yake ya dukani ilikuwa takriban dola 35,000, ilipitisha dola 150,000 mkononi baada ya kampuni kutangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kuitengeneza. Kisha riba zikapanda, sarafu za mtandaoni zikaporomoka, na soko la saa likafuata. Kabla ya 2022 kumalizika, saa hiyo ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi moja ya bei yake ya kilele. Aliyeinunua miaka mitano nyuma bado alikuwa na faida nono. Aliyeinunua Machi 2022 kwa fedha ya mkopo alikuwa na saa nzuri na deni.

Mwaka huo huo lilitokea jambo dogo linalomhusu zaidi mwekezaji wa kima cha chini. Tarehe 26 Machi 2022, Swatch na Omega zilitoa saa ya betri iitwayo MoonSwatch, yenye sura ya Omega Speedmaster iliyovaliwa mwezini mwaka 1969, kwa dola 260. Watu walikesha kwenye foleni katika miji mingi duniani. Siku zile za mwanzo zilitangazwa kwa zaidi ya dola 1,000 moja, na wapo waliozinunua. Kampuni ilikuwa imeshasema kuwa saa hizo hazina idadi maalumu, maana yake zingeendelea kutengenezwa, na ndivyo ilivyokuwa. Walanguzi wa mwanzo walipata. Waliofuata nyuma yao walibaki nazo.

Kinacholipiwa si usahihi

Mnunuzi wa mara ya kwanza hudhani saa ya bei mbaya hushika majira vizuri zaidi. Sivyo, na historia inaeleza kwa nini. Tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ya Japani iliuza Astron, saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na kijiwe cha kwatzi na umeme wa betri. Bei yake ilikuwa yen 450,000, sawa na gari dogo la Toyota Corolla. Katika muda wa takriban miaka 15 teknolojia hiyo ikawa ya bei poa, na viwanda vya Uswisi, vilivyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970, vikabaki na karibu theluthi moja tu ya hao. Waliosalimika walifanya uamuzi wa kibiashara wa kustaajabisha: waliacha kuuza usahihi, wakaanza kuuza ufundi wa mkono, historia na heshima.

Kwa hiyo leo saa ya betri ya kawaida hupotea kwa sekunde 15 hivi kwa mwezi. Saa ya mashine iliyofaulu majaribio ya siku 15 ya taasisi ya Uswisi iitwayo COSC, na kupewa cheo cha chronometa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Mashine ya Seiko 4R36, iliyomo ndani ya Seiko 5 nyingi za sasa, inaruhusiwa na kiwanda chake kutangulia hadi sekunde 45 au kuchelewa 35 kwa siku. Anayetaka majira kamili ana simu mfukoni.

Maneno "Swiss Made" usoni mwa saa nayo yana mipaka yake. Tangu Januari 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa hiyo zitumike nchini humo, na mashine yake iwe ya Kiswisi. Asilimia 40 inayobaki inaweza kutoka popote, na mara nyingi ni kasha au mkanda uliotoka Asia. Si wizi. Ila ni vyema mnunuzi ajue analipia nini.

Fedha hizo zinanunua nini

Dukani, dola 1,000 humfikisha mtu kwenye kundi la kati la kampuni ya Swatch Group, inayomiliki Omega, Longines, Tissot na Hamilton kwa pamoja. Tissot PRX ya otomatiki, yaani inayojitia ufunguo yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 650 nchini Marekani, na bei imepanda tangu hapo. Mashine yake hukaa saa 80 bila kuvaliwa, jambo zuri kwa mtu anayeivua Ijumaa na kuivaa Jumatatu. Kasoro yake iko kwa fundi: baadhi ya matoleo ya mashine hiyo yana vipande vya plastiki, na mafundi wa kujitegemea hulalamika kuwa kiwanda hupenda kubadilisha mashine nzima kuliko kuitengeneza. Hamilton Khaki Field ya kutia ufunguo kwa mkono ni ya kawaida kwa sura, imara, na hupatikana kwa chini ya dola 700.

Njia ya pili, ambayo kwa hesabu ndiyo yenye nguvu, ni kumwachia mtu mwingine hasara ya mlangoni. Longines HydroConquest ya otomatiki ya miaka michache iliyopita hupatikana kwa karibu dola 1,000 ikiwa imetumika, wakati mpya huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Mnunuzi wa namna hii akiiuza baada ya miaka miwili anaweza kupoteza dola 100 au 200, si 400. Tofauti hiyo ni halisi na inabaki mfukoni.

Njia ya tatu ni saa kuukuu, mfano Omega Seamaster au Genève za miaka ya 1960, ambazo bado huonekana kwa dola 600 hadi 1,000. Hapa ndipo wanaojiona wajanja huumia zaidi. Saa nyingi za umri huo zimepakwa rangi upya usoni, zimebadilishwa mishale, au zimeunganishwa kutokana na saa tatu zilizokufa. Kwa mkusanyaji, uso halisi uliochakaa una thamani kuliko uso mpya unaong'aa, kinyume kabisa na mazoea ya sokoni kwetu. Kwa wakazi wa Pwani wenye ndugu Muscat jambo hili si la mbali. Saa za Rolex zenye alama ya jambia la Oman usoni, zilizotolewa zawadi na Sultan Qaboos bin Said, huuzwa mnadani kwa bei inayopita kwa mbali ile ya saa za namna hiyo hiyo zisizo na alama. Familia inayogundua moja kwenye droo ya babu, kisha ikaipeleka kung'arishwa na kubadilishiwa uso, imechoma fedha.

Fundi kwanza, duka baadaye

Gharama ambayo haitajwi dukani ni ya matengenezo. Saa ya mashine ina mafuta, na mafuta hukauka. Kwa kawaida inahitaji kufunguliwa na kusafishwa baada ya miaka mitano hivi, ingawa Rolex husema takriban 10 kwa zake. Kazi hiyo kwenye kituo rasmi cha kampuni kubwa kama Omega au Rolex inaweza kula kati ya dola 600 na 900. Mtu anayejisifu kuwa amepata Omega kuukuu kwa dola 800, ambayo haijafunguliwa miaka 12, kwa kweli ameinunua kwa dola 1,400.

Ndiyo maana mashine ya ndani ni muhimu kuliko jina la nje. ETA 2824 ya Uswisi, na ndugu yake Sellita SW200 inayofanana nayo karibu kipande kwa kipande, zimefungwa katika saa za kampuni nyingi sana kiasi kwamba vipuri vyake hupatikana na fundi saa yeyote mwenye uzoefu anazijua. Mashine ya kipekee inayotengenezwa na kampuni moja tu humfunga mwenye saa kwa kampuni hiyo, tena pengine kwa kuituma Ulaya. Mwenye dola 1,000 angefanya vyema kutumia 750 kwa saa na kuziacha 250 zikae. Halafu joto la Dar es Salaam au Mombasa lina hesabu zake: jasho huozesha mkanda wa ngozi katika miezi, na maandishi ya "mita 30" hayamaanishi kuogelea, bali kunyeshewa mvua na kunawa mikono. Raba za mfuniko huchoka, na maji ya chumvi hayasamehe.

Kuhusu bandia, zile za zamani zilizotambulika kwa uzito na mwendo wa mshale si tishio tena. Zipo nakala ambazo hata kioo, chuma na mashine vimeigizwa kwa ustadi, zikiwa na boksi na kadi zake. Karatasi pekee hazithibitishi kitu. Namba iliyochongwa kwenye kasha ilingane na ya kadi, na kabla ya fedha kutoka, mfuniko wa nyuma ufunguliwe mbele ya fundi aliyeletwa na mnunuzi, si wa muuzaji. Muuzaji anayekataa kufunguliwa saa ametoa jibu.

Wanaofuata mizigo Dubai wana nafasi nzuri, kwa kuwa VAT huko ni asilimia 5 na mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo uwanja wa ndege, akiwa amenunua kwa angalau dirham 250 katika duka lililo kwenye mpango huo na kupewa stakabadhi yake. Saa inunuliwe kwa wakala aliyeidhinishwa, kadi ya dhamana ijazwe tarehe papo hapo. Omega na Rolex hutoa dhamana ya miaka mitano, na saa iliyotumika miaka miwili tu inauzika vizuri zaidi ikiwa na salio la dhamana hiyo. Anayeagiza kwa mtandao atambue kuwa bei anazoziona huko ni za kuomba, si za kuuzia, na kwamba zinashuka kwa anayejua kungoja. Mzigo ukifika nyumbani kuna ushuru wa forodha, na juu ya jumla ya bei, usafiri, bima na ushuru huo huja VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Saa ya dola 750 ikifika kwa njia hiyo inaweza kuwa imeshazila zile 250 za fundi kabla haijafungwa mkononi.