Usalama Shambani Unaanza kwa Bosi: Somo la MV Nyerere

Leo tuache kidogo habari za mbegu na mbolea, tuongelee watu mnaowaajiri. Wengi wenu sasa mna vibarua watano, kumi, na msimu wa mavuno hata zaidi. Mmoja akiumia, wa kuulizwa ni wewe.

Sisi wa Ukerewe hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Alhamisi, Septemba 20, 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, kule Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101 na tani 25 za mizigo. Waliokufa walizidi 220, waliookolewa wakiwa hai ni 41. Piga hesabu mwenyewe.

Tukiongelea ajali ile huwa tunasema "kilijaza". Ni kweli, ila kivuko hakijijazi chenyewe. Kuna anayekata tiketi, kuna anayehesabu watu, na kuna mwenye mamlaka ya kusema "inatosha, wengine subirini". Rais Magufuli alisema nahodha mwenyewe hakuwemo chomboni, kazi alimwachia mtu asiyesomea. Baada ya hapo alivunja bodi ya TEMESA iliyokuwa inaendesha kivuko, akavunja na ya SUMATRA iliyokuwa mdhibiti wa usafiri. Maana yake, swali halikuishia kwa aliyeshika usukani, lilipanda mpaka ofisini.

Sasa njoo shambani kwako. Nani anahesabu? Nani ana ruhusa ya kusema inatosha?

Angalia kupuliza dawa. Wengi mnalipa kwa bomba. Kijana anayelipwa hivyo hatangoja upepo utulie, wala hatapumzika kunawa mikono ale, maana kila dakika ni hela yake. Ukimkuta kavua barakoa unamgombeza, unasema mbishi, lakini mpangilio wa malipo umeuweka wewe. Mlipe kwa siku, na kazi ianze alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujashika kasi. Hapo utakuwa umezuia madhara mengi kuliko kelele za mwezi mzima.

Mengine ya kupanga mapema:

1. Stoo ya dawa iwe na kufuli na mtu mmoja mwenye ufunguo, anayeandika kilichotoka na kilichorudi. Msiwekee dawa kwenye chupa za soda au maji. Lebo yenye mkanda mwekundu ni sumu kali, asiishike mtu asiyefundishwa.

2. Pampu ya petroli isiwashwe ndani ya kisima au shimo. Moshi wake unaua kimyakimya, na anayeshuka haraka kumwokoa mwenzake naye huanguka. Iwekwe juu, penye hewa.

3. Mtumbwi wa kubebea mazao uwe na idadi ya magunia na watu iliyopangwa, na kila anayepanda avae jaketi la kuokolea. Ziwa likichafuka safari inaahirishwa, hata kama mteja wa Mwanza anapiga simu kila saa.

4. Msimamizi wako awe na mamlaka ya kusimamisha kazi bila kukupigia wewe kwanza. Akisimamisha, usimkate mshahara na usimdhalilishe mbele ya vibarua. Ukifanya hivyo mara moja tu, hatasimamisha tena.

5. Wewe mwenyewe vaa gambuti na glavu ukiingia shambani. Vibarua wanaangalia miguu yako kabla ya kusikiliza maneno yako.

Kisheria pia hauko nje. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamgusa mwajiri wa shamba kama inavyomgusa wa kiwanda. Na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ukiwa umemsajili mtu wako, akiumia kazini kuna pa kushika. Ukiwa hujamsajili, mzigo unaweza kubaki mezani kwako.

Anza wiki hii na jambo moja. Kaa na watu wako dakika kumi asubuhi, waulize: ni kazi gani hapa inawatia hofu? Wakishasema, usijibu kwanza. Andika, halafu nenda mkaione pamoja.

Kazi njema.